Bwana Nimeelewa na Kochi la Shangazi

Mtaani kwetu anaishi kijana mwenye akili ya ajabu: huelewa jambo kabla hujalisema! Sisi wengine tunangoja sentensi ifike mwisho kama wajinga. Yeye ukifungua mdomo tu, "Nimeelewa!" Jina alilopewa na wazazi wake tulishalisahau, tunamwita hivyo hivyo, Nimeelewa.

Huyu bwana alihudhuria semina ya kuwaandaa vijana kwa ajira. Walifundishwa kuwahi kazini, kushirikiana na wenzao, kuzungumza na wateja. Akatoka na cheti, akakibandika ukutani juu ya kochi la shangazi yake, ambalo ndilo lililokuwa kitanda chake mwaka wa pili sasa. Somo la kusikiliza tu ndilo hakulimaliza. Aliondoka katikati, akisema ameshalielewa.

Shangazi ana huruma, ila huruma hiyo ilikuwa imeanza kupauka. Akamwombea siku moja ya majaribio kwa rafiki yake, fundi wa kupaka rangi majengo, anayejulikana kama Mama Brashi.

"Mwanangu, nimeweka jina langu rehani kwa ajili yako," akamwambia asubuhi. "Ukikosa na kazi hii, kochi langu hili—"

"Nimeelewa, shangazi!"

Akatoka mbio, tai shingoni, viatu vinang'aa. Tai ya kwenda kupaka rangi, jamani!

Kazi yenyewe ilikuwa sakafu ya chumba cha mapokezi katika zahanati mpya. Mlango mmoja, madirisha ya nondo, na kuta zilizopakwa rangi nyeupe asubuhi ile ile. Mama Brashi akamkabidhi debe la rangi ya kijivu na rola.

"Sikiliza, kijana. Rangi hii haikauki mpaka jioni. Kwa hiyo usianzie—"

"Nimeelewa, bosi!"

"Sijamaliza."

"Bosi, mimi nina cheti."

Mama Brashi akamtazama kuanzia tai hadi viatu, akaenda zake kupaka vyumba vingine. Nimeelewa akachovya rola, akaanzia mlangoni.

Lo, alipaka! Rola inakwenda, rola inarudi, mluzi juu. Akawa anarudi nyuma taratibu huku akijisifu, mpaka mgongo ukagusa kitu. Ukuta! Akatazama kushoto: ukuta. Kulia: ukuta. Mbele yake rangi mbichi tupu hadi mlangoni.

Mama Brashi aliporudi alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akageuza debe tupu, akalikalia pale mlangoni.

"Vizuri. Leo huna pa kukimbilia. Nilikuwa nasema usianzie mlangoni."

Mchana kutwa akamalizia sentensi zake zote. Namna ya kukoroga rangi. Namna ya kuosha brashi. Namna ya kumsalimia mteja aliyenuna. Kijana kila akifungua mdomo, mama anainua rola yake juu, mdomo unafungwa. Mwenyewe Mama Brashi ndiye aliyenisimulia haya, na nilimwonea yule kijana huruma. Kidogo tu.

Jioni rangi ikakauka, Nimeelewa akatoka kwa ncha za vidole. Nyuma yake, kwenye ukuta mweupe, ilibaki picha kamili ya mgongo wake. Mama Brashi aliitazama, akashusha pumzi.

"Basi, mwanangu, kuanzia kesho—"

"Nimeelewa! Asante, bosi! Mungu akubariki!"

Kabla mama hajavuta pumzi nyingine, kijana alishafika barabarani. Akapita mtaani akitangaza ajira yake kila mlango. Mimi niliahidiwa soda, nikamfuata nyumbani nisije nikaikosa.

Tulikuta mlango wazi na wanaume wawili wamesimama sebuleni. Hakuwauliza ni akina nani. Alijitupa kochini, akanyoosha miguu.

"Shangazi, nimepata kazi!"

"Mama Brashi alisemaje?"

"Kuanzia kesho!"

"Kuanzia kesho nini?"

Nimeelewa akafungua mdomo. Shangazi akainua kiganja.

"Mimi amenipigia simu, nikamwacha amalize," akasema shangazi. "Kuanzia kesho usije. Na mimi asubuhi nilikuwa nakwambia, ukikosa na kazi hii, kochi langu hili naliuza."

Mmoja wa wale wanaume akakohoa, akamgusa bega kwa adabu.

"Samahani, ndugu yangu, hebu inuka. Sisi tumenunua kochi tu."