Mgwashi Yetu Imekwenda na Ndege

Jumamosi, 7 Juni

Mgwashi imekwenda! Kijiji nilichozaliwa. Alikolala mama yangu. Kimechukuliwa mchana kweupe na mtoto wa Paskalina, kwa sababu ya ndege ya mbao.

Niandike polepole nisije nikapasuka. Hapa Lushoto kuna chama cha wachonga ndege. Wanakutana kwenye karakana ya fundi Yeremia. Watu wazima! Wengine wana vipara. Wanachonga ndege za vita za zamani, tena zile za ajabu tu, zilizowashinda hata waliozitengeneza. Binti yangu Elinuru yumo. Kila Jumamosi mmoja analeta ndege yake chini ya kitambaa. Anasema kitendawili, wanajibu tega, anafunua. Wakishindwa kuitaja anadai mji, kama tulivyofanya jikoni kwa bibi. Ila bibi alikuwa anatania. Hawa, Yeremia anaandika kijiji ubaoni kwa chaki na kinakuwa chako mpaka mtu akunyang'anye.

Leo Kristian, huyo mtoto wa Paskalina, kafunua kitu kama yai lenye mabawa. Wakashindwa wote. Eti ya Wamarekani, ilitengenezwa ibebwe tumboni mwa ndege kubwa. Ndege yenye mimba! Nimezaa wanne, upuuzi kama huo sijausikia. Akadai mji. Zamu ya kutoa ikawa ya Elinuru. Vijiji vya Usambara vimejaa tele. Kwai ipo. Amani ipo, kule mbali, nani angelalamika? Binti yangu kafungua mdomo: Mgwashi.

Kristian akaanza madaha. Eti kaenda Mgwashi, katandikiwa kanga njiani, kachinjiwa kondoo, kapewa kiti cha mbele. Mama yake, Paskalina, akanigeukia na chai mkononi. Chai niliyopika mimi! Akauliza, shoga, siku ukienda kwenu kupalilia kaburi utaomba ruhusa kwa mwanangu, au utapita tu kama mwizi? Watu wakacheka mpaka wakashika meza. Nikamjibu kwa Kishambaa. Siandiki nilichosema, kesho ni ibada.

Nyumbani nikamuuliza Elinuru, kwa nini Mgwashi? Akasema, mama, ukidaiwa ghafla ndicho kinachotoka. Akili ya kuku! Mimi ningetaja Kwai hata nikiwa usingizini.

Jumatatu, 9 Juni

Ukungu. Baridi ya kukata masikio. Nimempelekea Yeremia mtindi. Nikamwambia mzee wangu, ubao wako mchafu, mkono wa koti ukipita pale juu kwenye Mgwashi, kwa bahati mbaya tu, nani atajua? Akanywa mtindi wote. Akafuta ndevu. Akasema chaki hufutika, mama, neno halifutiki.

Angesema hivyo kabla ya kunywa.

Jumanne, 10 Juni

Sokoni. Paskalina kwenye karoti. Akapaza sauti, jamani mpisheni raia wetu. Muuza karoti akauliza raia wa wapi. Akamweleza yote, na madaha ya Kristian akayarudia, akaongeza na ng'ombe! Kondoo amekuwa ng'ombe kwa siku tatu. Nimerudi bila karoti.

Jumatano, 11 Juni

Jumamosi hii ni zamu ya Elinuru kutega! Wakishindwa, atadai yeye. Anachonga chumbani, mlango umefungwa, nasikia msasa tu. Nikabisha nikampelekea uji. Akaupokea kwa mlango uliofunguliwa nusu kiganja. Nikamuuliza ni ndege gani. Akasema mama, wewe ukijua leo, Paskalina atajua kesho. Mtoto niliyembeba mgongoni hadi hospitali ya Bumbuli akiwa na surua!

Chakula hakigusi vizuri. Usiku anageukageuka. Najua, ni Mgwashi inamuuma. Mkono wake usije ukatetemeka tu.

Alhamisi, 12 Juni

Umetetemeka!

Elinuru kaenda kupeleka kabichi stendi. Nikaingia kufagia. Sikutafuta kitu. Kitambaa kilianguka chenyewe nilipokivuta. Mungu wangu! Ndege imepinda. Injini na mkia viko kushoto, chumba cha marubani kimekaa peke yake kulia, juu ya bawa, kama jirani aliyenuniwa. Kama mtu aliyebeba ndoo mkono mmoja. Nikalia kidogo. Maskini mwanangu, kachonga kwa majonzi, hata katikati hakuiona. Na Paskalina atakuwepo!

Sikukubali. Nikachukua msumeno mdogo na gundi ya mbao. Nikakikata kile chumba taratibu, nikakiweka katikati, nyuma ya injini, mahali chumba cha mtu mwenye akili kinapokaa. Nikapiga msasa, nikagusia rangi. Imenyooka! Ungedhani imetoka dukani. Nikafunika. Simwambii, asijisikie vibaya. Mama ni mama.

Ijumaa, 13 Juni

Elinuru anasema alimaliza jana asubuhi, hafunui tena, eti rangi ikauke vizuri. Kala sahani mbili. Roho yangu nyeupe.

Jumamosi, 14 Juni

Nimerudi, naandika.

Karakana ilijaa. Paskalina kavaa kitenge kipya, kaja kuangalia mali yake. Elinuru akasema kitendawili. Tega! Akafunua, uso kwetu, mgongo kwa ndege, kwa mbwembwe. Wenye vipara wakasogea. Mmoja akasema ya Wajerumani. Mwingine akasema haiwezekani, mkia wa ile, bawa la nyingine. Kristian akaizunguka mara mbili, akajikuna. Wakashindwa wote!

Elinuru akadai mji. Kristian akamtazama binti yangu, tena kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, akasema taratibu: Mgwashi.

Nikapiga vigelegele! Nikacheza. Nikamzunguka Paskalina kwa kiuno, nikamwambia shoga, ondoa ng'ombe wako kijijini kwetu. Yeremia akafuta, akaandika jina la Elinuru. Mtoto akaenda Mgwashi, akatandikiwa, akapokewa na bibi zake wote. Machozi yalinitoka, wallahi sidanganyi.

Kisha akatoa picha, ndiyo kanuni, jibu lazima lionekane. Ndege ya upelelezi ya Wajerumani, Blohm na Voss mia na arobaini na moja. Eti waliweka marubani pembeni makusudi, waone chini vizuri. Yeremia akaiweka picha kando ya ndege. Picha imepinda. Ndege imenyooka.

Elinuru akageuka, akaiona. Akanitazama mimi tu. Nikasema picha ndiyo mbovu. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Yeremia akasema, mama, ndege hii haijawahi kuwepo duniani. Kitendawili kimebatilika, Mgwashi inarudi kwenye chungu, haina mwenyewe, na aliyeharibu anatoa mji kwa aliyenyang'anywa. Kristian akaona haya, akasema si lazima. Paskalina akasema ni lazima sana. Wakapiga meza kwa pamoja. Mji! Mji! Mji! Vichwa vyote kwangu. Nikafungua mdomo.

Mgwashi.

Ilitoka yenyewe! Nilikuwa nimeshaishika Kwai kwa ulimi! Paskalina alilala juu ya benchi kwa kicheko, kitenge kipya kikajaa maranda ya mbao.

Tulipofika darajani Elinuru akaanza kucheka, akanishika mkono. Akasema, umeona mama, ukidaiwa ghafla ndicho kinachotoka? Nikamwambia sikuona kitu. Yeremia alinidai haraka mno.

Jumapili, 15 Juni

Ibada ilikuwa ndefu. Baadaye Kristian akaja nyumbani. Shikamoo mama, kichwa chini. Kaja kumwona Elinuru, anajifanya kaja kuniona mimi. Nikampa makande, kala vizuri, nikasahau kumchukia. Kanionyesha hata ndege yake ya Jumamosi ijayo. Akaomba aiache kwenye kabati letu hadi jioni, maana yeye na Elinuru wanakwenda kwaya na isije ikavunjika.

Wametoka. Nimefungua kabati nione kama iko salama.

Jamani! Mabawa kayaweka kinyume. Ncha zimeelekea mbele, kama mtu aliyevaa koti kwa kuligeuza. Injini nyingine kaibandika puani! Maskini kijana, hakuna wa kumwangalia kazi yake, ana Paskalina tu. Jumamosi watamcheka. Na mtu akimwokoa kimyakimya, je, atakosa kurudisha kijiji kimoja kidogo kwa shukrani?

Gundi imebaki nusu chupa. Kwaya inaisha saa kumi na mbili.