Wafalme Wenye Doa la Chai

Jumamosi, 4 Agosti 1934
Mzee Atuti amesema tena. Mahari ni mitamba wawili kabla ya mwezi kwisha, la sivyo binti yake Kemuma anaolewa na Gichana, karani wa mizani. Mimi Momanyi ninaye mmoja, mwekundu, mwenye baka jeupe usoni. Gichana hana hata mbuzi. Ana kalamu tu, na kila jioni anapunguza uzito wa kikapu changu cha chai. Mwizi yule! Mtamba wa pili nitampata kwa karata. Mwenye mfalme huchukua vyote. Basi wafalme wanne nimewapaka mgongoni doa dogo la utomvu wa majani ya chai, niwajue hata wakifunikwa. Akili ni mali.

Jumapili, 5 Agosti
Sosiot. Nyuma ya duka la ngozi, wachumaji chai pekee mkekani. Nikashinda kuku na kofia. Mzunguko wa tatu, naona madoa kwenye karata zote. Vidole vyao! Wanachuma siku sita, kisha wanashika karata za mtu bila kunawa. Kuku amerudi kwao, kofia imerudi, na koti langu limefuata. Marcella, tunayechuma naye mstari mmoja, ameniuliza ni nani Sosiot nilidhani hana vidole vyeusi. Sosiot ni mahali pachafu.

Jumamosi, 11 Agosti
Fort Ternan, penye reli. Huku hakuna chai. Karata mpya, madoa mapya. Fundi mmoja wa reli, Okeyo, akageuza mfalme, akatazama doa, akatuomba sote tuoneshe mikono. Watu saba, mikono safi. Kisha yangu. Wamechukua viatu vyangu na kunisindikiza mpaka darajani. Nina hasira hata wino unamwagika. Sosiot wote wachafu, Fort Ternan wote wasafi. Nchi hii haina mahali pa mtu wa kadiri.

Jumatatu, 13 Agosti
Gichana ameiona miguu yangu mitupu. Akasema angekuwa mimi, angenawa mikono na kuacha kamari. Nimenawa, kwa majivu na mchanga, mpaka ngozi imetoka. Nusu ya shauri lake inatosha.

Jumamosi, 18 Agosti
Mulot. Siku mbili njiani nikimswaga mtamba wangu. Wafugaji hapa hawakujua karata, nikawafundisha mwenyewe. Nilicheka moyoni. Lakini hawa ni watu wanaomjua kila ng'ombe kwa baka lake, hata kama ni mia mbili. Kabla sijamaliza kuchanganya walishawajua wafalme wote. Wakadhani doa ni sehemu ya mchezo, wakanisifu kwa kuwarahisishia wageni wa mchezo. Mzee mwenye jicho moja ameondoka na mtamba wangu. Jicho moja! Nimewalaani wote, wakanipa maziwa ya njiani.

Jumapili, 26 Agosti
Mahari ya Kemuma imepokelewa, ng'ambo ya shamba la chai, bomani kwa Mzee Atuti. Mitamba wawili wa Gichana, mmoja bila shaka kwa uzito wa vikapu vyetu. Wa pili mwekundu, baka jeupe usoni. Alimnunua kwa yule mzee wa jicho moja, sokoni Sosiot, kwa bei ya kutupa. Mtamba amenitambua, akanilamba mkono. Nimelia, sifichi.

Kemuma alipita na kibuyu cha uji. Akaniambia polepole kwamba alikuwa amemsihi baba yake, naye akakubali nilete mmoja sasa, wa pili nimlete Krismasi. Jumapili iliyopita alikuja kunieleza. Akaambiwa nimekwenda Mulot na ng'ombe.

Nilitaka kumpiga mtu, sikuona wa kupiga ila mimi. Ndipo Mzee Atuti, pombe ya busaa imemkolea, akanishika bega na kuuliza kama ni kweli najua ule mchezo wa karata. Yeye hajawahi kushika hata moja. Nikatazama boma lake, mitamba wawili wamelala. Nikamwambia anisubiri kidogo, nizifuate karata nyumbani.

Njiani nimechuma jani moja la chai.