Mjukuu Wangu Bado Hapati Choo

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Afya,

Salamu kwako na kwa wote wanaoshughulika na gazeti lenu hadi likatufikia. Mimi ni msomaji wenu kwa miaka kumi na tisa sasa. Dunia imenihamisha mara tatu, na kila nilipotua nilitafuta kwanza maji, kisha gazeti. Lenu nalisoma kila siku kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri, katika chumba pekee cha nyumba yetu chenye komeo. Huanza na matangazo ya vifo na kumalizia na michezo. Kwa hiyo siandiki kwa kukurupuka.

Wiki tano zilizopita mlichapa makala kuhusu vijana wanaofunga choo, yenye nasaha saba. Nilisoma sita. Ya saba sikuifikia, kwa kuwa mtu aligonga mlango kwa fujo nikapoteza mstari. Dakika hiyohiyo, nikiwa bado ndani, nilimsikia mjukuu wangu akimlalamikia mama jirani: "Mwezi mzima huu, mama, asubuhi sipati choo. Kimefungwa." Jirani akamuuliza tumbo je. "Limekuwa jiwe."

Nikasema moyoni, ndiyo yale ya makala.

Mjukuu wangu ana miaka ishirini na mitatu. Nimemlea tangu binti yangu, mama yake, alipofia njiani katika kuhama kwetu kwa pili. Yeye hana mwingine, nami sina mwingine. Nikazifuata nasaha zenu kama maandiko, na malalamiko yangu ni haya:

1. Mlisema maji. Nilimpimia chupa kubwa kila siku, akaimaliza. Tulichopata ni haja ndogo, ambayo hatukuwa na shida nayo. Tena mjue kwamba anashona kola katika karakana ya sare za shule, ambako ufunguo wa choo umefungiwa kwenye mwiko wa kusongea ili usipotee, na mwiko anaushika msimamizi. Ukiuomba, unapita katikati ya safu nne za cherehani ukiwa nao mkononi, na wenzako wanakuuliza leo unapika nini. Mwiko umekuwa mwiko kweli. Anabana mpaka jioni.

2. Mlisema matunda, mboga za majani na maharage. Papai lilikuwepo kila siku. Kuhusu maharage, katika nyumba ya vyumba viwili, kwa mtu aliyefunga choo, naona staha inanizuia kueleza.

3. Mlisema mazoezi. Nimemtembeza nusu saa kila jioni, baada ya saa kumi za kukanyaga cherehani. Viatu vimelika upande. Tumbo liko palepale.

4. Mlisema kigoda chini ya miguu, ili magoti yapande juu ya kiuno. Nilikichonga mwenyewe, urefu wa shibiri moja. Ni kigoda chema mno. Nakitumia kila alfajiri, na sasa nasoma hadi barua za wasomaji bila kufa ganzi. Yeye anasema hajapata nafasi ya kukijaribu. Vijana na visingizio.

5. Mlisema mtu auitikie mwili unapoita, hasa asubuhi baada ya kula. Anakunywa uji saa kumi na mbili kasoro robo. Baada ya hapo, kutoka nilipo, namsikia akitembea huku na huko ukumbini, akiguna, akihesabu kwa sauti, akigonga kuta. Nilidhani ni mazoezi ya namba tatu. Saa kumi na mbili na nusu anakimbilia kazini. Mwili umeita, hakuna aliyeitika.

6. Mlisema mtaalamu. Muuguzi wa zahanati alimpa dawa ya kulainisha, akamwonya asiizoee, na arudi upesi akiona damu au maumivu yakizidi. Kisha akauliza kama nyumbani tuna choo. Nilimjibia: tunacho, kimoja, safi, kina komeo. Muuguzi akamtazama mjukuu wangu. Mjukuu wangu akatazama dari.

Sasa nifike kwenye kidonda. Anataka kuhama. Amepata chumba ng'ambo ya barabara kuu, na sifa yake kuu ni kwamba kina choo ndani. Nilimuuliza kwa upole, mtu aliyekosa hamu ya kula hununuliwa sahani? Asiyepata choo, choo atakifanyia nini? Mhariri, nimehama mara tatu kwa mtutu wa bunduki. Sikutegemea ya nne niwe mimi ninayeachwa, kwa sababu ya utumbo.

Mniwie radhi kwa ukali. Kambini tulikokaa miaka sita, choo kilikuwa pazia la gunia na foleni ya watu themanini. Niliapa pale, nikiwa nimembeba mgongoni, kwamba mtoto huyu hatapanga foleni ya choo tena maishani mwake.

Basi naomba gazeti likiri, ukurasa wa kwanza, kwamba nasaha zake ni bure. Naomba Wizara iunde Kamati ya Haja Kubwa ya Vijana, yenye mamlaka ya kukamata miko yote iliyofungiwa funguo. Na naomba itungwe sheria kwamba kijana asiruhusiwe kuhama kwao mpaka athibitishe kwa maandishi kuwa amepata choo siku saba mfululizo. Taifa lisilosukuma halisongi.

Nisalimieni mchora katuni, msahihishaji wenu aliyechoka, na yule anayetunga fumbo la maneno, ambaye hunichelewesha sana.

Wenu katika subira,
Babu wa nyumba yenye komeo

Tanbihi. Barua zangu humpa mjukuu wangu azisahihishe. Hii aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa. Amesahihisha neno moja. "Babu, sikusema nimefunga choo. Nilisema choo kimefungwa. Na aliyekifunga ni wewe."

Leo gazeti nimelisomea jikoni, mlango ukiwa wazi, nikatafuta na lile la wiki tano zilizopita. Nasaha ya saba inasema mtu asizidishe dakika kumi msalani, na gazeti libaki nje. Saa kumi na mbili kamili nilisikia komeo likifungwa. Nilihesabu. Alitoka baada ya dakika nane, akachukua mkoba, akasema atamwambia mwenye chumba asubiri kwanza, aone kama nitadumu hapo jikoni.

Kwa hiyo barua hii msiichape. Ila pale pa mwiko, chapeni.