Umri wa Upanga wa Kiplombe

Wananchi wa Eldoret mnaarifiwa kwa fahari kuu kwamba Kamati Maalumu ya Kubaini Asili na Umri wa Upanga, Pamoja na Ala Yake, imekamilisha kazi. Mimi ndimi katibu. Nimeandika kila neno, kama kanuni inavyotaka.

Upanga ulikuwa wa Mama Nangila wa Kiplombe. Marehemu baba yake alikuwa mpishi wa mzungu mwenye shamba, akaachiwa upanga huo mzungu alipofunga virago. Mama alikuja kuuliza tu ulitoka nchi gani na una miaka mingapi. Hilo ndilo kosa lake. Kanuni ya ofisi yetu ni wazi: kitu kikipita miaka hamsini, ni mali ya ofisi. Mwenyekiti, Bwana Kiprono, alikuwa ameshapigilia msumari ukutani, juu ya kiti chake.

Tulichunguza kisayansi. Tuliupima kwenye mizani ya mahindi. Tuliunusa. Vikao viwili vizima tulijadili iwapo ala ilitangulia upanga au upanga ulitangulia ala, kisha chai ikafika.

“Mimi sitaki miaka yake,” Mama Nangila akasema mlangoni, machozi yakimlenga. “Nataka upanga yenyewe. Ni kitu moja tu baba aliniachia.”

“Mama, tulia. Serikali iko kazini,” Mwenyekiti akamjibu.

Ushahidi ukakosekana. Mwenyekiti akajitolea mwenyewe kuwa shahidi.

“Katibu, andika. Hii upanga naijua. Mwaka wa sitini na tano, nikiwa darasa la tatu, niliona mzungu akimpatia huyo mpishi. Kwa haya macho yangu!”

Tukapiga makofi. Akatia sahihi.

Janice wa idara ya wafanyakazi hakupiga makofi.

“Mkubwa, faili yako inasema ulizaliwa sitini na saba. Kwani ulianza shule kabla uzaliwe?”

Niliona aibu kwa niaba ya Mwenyekiti, nikaendelea kuandika.

“Katibu, futa hiyo!”

“Mkubwa, umeshasaini,” nikamkumbusha.

Akaugeukia upanga kama aliyeumwa na nyuki. “Hii ni mpya kabisa! Ni ya juzi! Mama, chukua uende nayo!”

Mama Nangila aliukumbatia, ala na vyote, akatoka bila kuaga.

Kumbukumbu za vikao nilizipeleka makao makuu, kama kanuni inavyotaka. Majibu yamefika leo. Hayataji upanga popote. Umri uliobainika ni miaka sitini na tisa, na mhusika, aliyepaswa kustaafu akiwa na sitini, anatakiwa kurudisha funguo za ofisi kabla ya Ijumaa.