Kigae Kilichonuka Kahawa

Jumatatu, 8 Februari 1847. Harzbruck.

Theluji tele. Sanamu ya Apollo imevunjika tena kidole cha mguu. Nimekibandika. Miaka kumi na moja nabandika vidole vya plasta katika chuo hiki! Mimi, Leberecht Quandt, daktari wa Kigiriki na Kilatini!

Habari kubwa: Profesa Ostermeyer anakufa. Anakohoa damu. Bi Kunkel, mtunza nyumba wake, anavificha vitambaa, lakini nimeviona. Namsikitikia mzee, kweli namsikitikia. Ila lazima mtu afikirie kiti chake.

Na kiti chenyewe hakipo! Mzee amefundisha akiolojia miaka thelathini, wa kwanza kabisa hapa, kwa ukaidi wake tu. Kabla yake sanamu na vyungu vilikuwa mapambo ya watu wa vitabu. Yeye akasema hapana, jiwe lina habari zake, lisomwe lenyewe kwa jicho na kwa mkono, na lipewe kiti chake cha uprofesa kama sheria na tiba. Wakamcheka. Akakusanya sanamu za plasta moja moja, akazipanga kwenye banda la zamani la farasi, akafundisha humo.

Jumamosi ya tarehe ishirini Seneti ya chuo itakipigia kura kiti hicho. Ikikubali, somo litabaki baada yake. Ikikataa, Diwani Bockelmann, mkuu wa watu wa vitabu, atazitupa sanamu zote ghalani, na kazi ya mzee itazikwa pamoja naye.

Wakikubali, nani akae kitini? Mimi. Au Trautvetter.

Jumatano, 10 Februari

Trautvetter! Ana miaka ishirini na minane. Amerudi kutoka Athene na pua iliyoungua jua, anatembea nayo mjini kama nishani. Aliniita "kaka Quandt". Ukaka wetu umetoka wapi?

Profesa ametangaza mtihani wa wazi siku ya Alhamisi ya wiki ijayo, mbele ya wajumbe wa Seneti. Utakuwa wa namna yake mwenyewe: kitu kinawekwa mezani, anayetahiniwa anakishika na kukizungumzia bila kitabu. Ataanza Trautvetter, kisha mimi.

Na nani hupanga vitu mezani? Quandt! Miaka kumi na moja hupanga Quandt!

Nimepata wazo. Ni baya. Ni zuri sana.

Jumamosi, 13 Februari

Juzi nilikwenda kwa mzee Rupp, mtengeneza majiko ya vigae. Nilimwambia nataka kigae kimoja cha pambo, asiulize. Hakuuliza. Nilichonga mwenyewe kwenye udongo wake: kijana anakwenda vitani, mama yake amemshikia kikombe cha kuagana. Akakichoma. Nikakivunja pembeni, nikakisugua jivu, nikakiloweka kwenye kahawa ili kizeeke. Kimezeeka miaka elfu mbili kwa siku mbili! Sikujua nina mkono mzuri hivi.

Mpango ni huu. Trautvetter atakishika, atakisifu mpaka povu limtoke. Nitasimama na kusema, waheshimiwa, hiki kimechomwa juzi kwa Rupp. Kwisha habari yake!

Bi Kunkel aliuliza kahawa ya jikoni kwa Profesa imekwenda wapi. Nikasema panya. Akasema panya wa nyumba hii wamestaarabika kweli, siku hizi wanaosha na birika.

Alhamisi, 18 Februari

Mungu wangu. Mambo yameharibika.

Banda lilijaa. Wajumbe wamekaa na makoti yao katikati ya miungu uchi, Bockelmann mbele kabisa, anapiga miayo. Nilikuwa nimekiweka kigae katikati ya meza. Kumbe Profesa, kabla hajamwita Trautvetter, akajikokota mezani, akakiona, akakichukua yeye!

Akakipeleka dirishani. Macho yake yamekwisha, alikisogeza karibu na pua. Halafu akaanza kulia. Akasema tazameni mkono wa mama huyu, hataki kukiachia kikombe, akikiachia tu mtoto ataondoka. Akasema kwa miaka thelathini amekuwa akijaribu kutueleza kitu hiki hasa, kwamba hakuna kitabu kinachosema hili, lakini mkono unalisema. Alizungumza robo saa bila kukohoa. Hata Bockelmann aliacha kupiga miayo.

Ningesimama niseme nini?

Ikaja zamu ya Trautvetter. Akakishika, akakigeuza, akakilamba! Eti ndivyo wafanyavyo Athene, udongo wa kale hunata ulimini. Akawa mwekundu kuliko pua yake. Akakirudisha mezani polepole na kusema kwa heshima kwamba baada ya Bwana Profesa yeye hana la kuongeza, wamruhusu azungumzie mguu wa Apollo. Akauzungumzia. Wala si vibaya.

Zamu yangu niliomba kuahirishiwa. Nilisema nina homa, na kufikia hapo ilikuwa kweli.

Ijumaa, 19 Februari

Trautvetter kaja bandani asubuhi. Akafunga mlango. Akasema kigae kina ladha ya kahawa. Nikamuuliza ana maana gani. Akasema ana maana ya kahawa. Mzee ameshaanza kuandika makala yatakayochapishwa. Yakichapishwa, atakufa akichekwa. Akaniomba, wewe uko karibu naye, kaka Quandt, nenda ukamwambie taratibu, asiumie. Hakuniuliza nani alikitengeneza. Alikuwa akiitazama mikono yangu tu.

Nilikwenda. Nakiri nilikwenda. Profesa alikuwa kitandani, kigae kifuani. Aliniuliza, Leberecht, una jambo la kuniambia? Nikasema ndiyo, Bwana Profesa, theluji inayeyuka.

Akasema vizuri. Akafumba macho.

Ni huruma iliyonizuia. Na kweli theluji inayeyuka.

Jumamosi, 20 Februari

Siku ya kura. Walimleta mzee kwa kiti cha kubebwa. Niliketi nyuma.

Bockelmann akasimama, anatabasamu. Akasema kabla ya kura kuna shahidi mmoja. Mlango ukafunguliwa, na huyo anaingia Rupp, kofia mkononi, buti za matope! Mpumbavu yule kajigamba kwenye duka la bia kwamba kazi yake imemliza profesa! Wakampa kigae. Akasema ndiyo, huu udongo wangu, na hili hapa dole gumba langu, nalijua. Watu wakacheka, wengine mpaka wakashika mbavu. Bockelmann akasema, waheshimiwa, hii ndiyo akiolojia, sayansi inayolilia kigae cha jiko. Akamuuliza Rupp nani aliyekiagiza.

Rupp akaanza kutazama huku na huku. Nikainama kufunga kiatu. Nilikifunga muda mrefu sana.

Nikasikia sauti ya Profesa. Akasema mwacheni mtu wa watu, aliyekiagiza si muhimu. Akasema nimedanganyika, andikeni hivyo, Ostermeyer alidanganyika mbele ya watu wote. Sasa ulizeni nani hakudanganyika. Akamwamuru Trautvetter aseme ukweli. Maskini akasimama, akasema alijua papo hapo, ulimi ulimwambia, ila alimwonea haya mwalimu.

Mzee akashika meza. Akasema mimi nilisomea vitabu mpaka nywele zikawa nyeupe, jicho nililifundisha baadaye, tena peke yangu, na sasa limekufa. Huyu amelifundisha jicho lake angali kijana, na juzi ameona nisichokiona. Hiyo ndiyo tofauti ya somo lenye kiti na somo lisilo na kiti. Mnataka mfano? Mfano ni mimi. Niandikeni ukurasa wa kwanza. Halafu damu ikaja, Bi Kunkel akamshika.

Hakuna aliyecheka tena.

Kura tisa kwa saba. Kiti kimepatikana. Amepewa Trautvetter.

Jumatano, 24 Februari

Amekufa alfajiri. Bi Kunkel alikuwa naye, na Trautvetter pia. Mimi nilikuwa bandani. Sikujua niende wapi, nimezipangusa vumbi sanamu zote, thelathini na nne, mpaka migongo. Nimelia nyuma ya Apollo. Sijui kwa nini nimeandika hili.

Gazeti la mji limetoa mistari sita. Minne ni ya kigae.

Jumamosi, 27 Februari

Mazishi. Matope mpaka kwenye vifundo. Bockelmann alisema maneno matamu sana, lo! Ungedhani ni ndugu. Trautvetter alilia wazi wazi, na pua yake inabambuka.

Baadaye Bi Kunkel alinivuta kando. Akasema Bwana Profesa alijua. Siku ile ile ya Alhamisi, hata kabla hajafika nyumbani. Alimwambia yeye, Bi Kunkel, kwamba hakuna mtu mjini hapa anayeunda mkono wa mwanamke hivyo isipokuwa Leberecht, ndiyo mikono anayozitengenezea sanamu zangu. Alikuwa akingoja uje umwambie, akasema. Ijumaa ulipoingia alifurahi, aliniambia nitoke niwapishe.

Nikauliza kama alijua, mbona aliendelea kuandika? Akasema hakuandika makala yoyote. Aliandika barua moja. Akanipa.

Imeandikwa kwa wakuu wa chuo. Inaomba Dk. Quandt apewe kazi ya maisha, mtengeneza sanamu wa mkusanyiko. Inasema machozi ya Alhamisi yalikuwa ya kweli, kigae hakikuwa cha kale lakini mkono wa yule mama ulikuwa mkono. Inasema kosa ni la Ostermeyer, aliyetaka mtu huyu awe wa vitabu miaka kumi na moja, ilhali kipaji chake kiko mikononi. Trautvetter ameshatia sahihi chini.

Jumatatu, 1 Machi

Nimelala nikafikiri. Nimeelewa yote.

Fundi! Mimi, fundi wa plasta, chini ya pua ya Trautvetter! Ndiyo shukrani hiyo? Mzee alikuwa amechanganyikiwa mwishoni, ni wazi. Na Bi Kunkel amekuwa na kinyongo nami tangu kahawa.

Tuhesabu kwa haki. Bila kigae, Trautvetter asingelamba. Asingelamba, mzee asingesema yale aliyosema. Asingesema, Bockelmann angeshinda. Basi nani ameipatia akiolojia kiti chake katika chuo hiki? Jibu linajileta lenyewe.

Nimemwandikia Trautvetter kwamba naikataa kazi. Barua ya mzee nimeiwashia jiko, isije ikanishushia hadhi. Hivi sasa namwandikia Waziri, kurasa tano, kumweleza ni nani hasa mwanzilishi wa somo hili, na kwamba yuko tayari kuhamia chuo chochote ambacho bado hakina kiti.

Nimemtaja na Ostermeyer, kwa heshima, kuwa alinisaidia.