Bati Lisilotaka Kutulia

Jumatatu, 13 Januari
Profesa Tollefson ametangaza kwamba mwezi wa Aprili atapeleka mtu mmoja tu kwenye mkutano Seattle, mwenye kipande cha kuwaonyesha wataalamu. Ni mimi au Maribeth, mwenzangu wa maabara. Bora mimi, suti ninayo. Kazi yangu: silikoni iliyotiwa bati, naiyeyusha juujuu kwa leza, inaganda kufumba na kufumbua. Lengo: uso ubaki laini, bati litulie humo ndani. Nimechungulia kwenye hadubini. Sega la nyuki! Vijumba vitupu, bati lote limekimbilia kwenye kuta. Inaudhi, lakini sikuweza kuacha kuangalia.

Jumanne, 14 Januari
Nimemuuliza Maribeth kijanja, kana kwamba naulizia mtu mwingine. Kacheka. "Verlyn, wewe hujawahi kula barafu ya rangi? Ikiganda polepole, rangi yote inasukumwa katikati. Na bati ndio hivyo hivyo." Nikajibu nalijua hilo siku nyingi. Jioni nikaweka kikombe cha juisi ya zabibu nje ya dirisha.

Jumatano, 15 Januari
Kweli! Pembeni barafu nyeupe, katikati zambarau nzito. Nimeikodolea macho mpaka kahawa ikapoa. Basi dawa ni kugandisha upesi, bati likose nafasi ya kukimbia. Na upesi ni nguvu, nani asiyejua? Maribeth kaenda ziwani na baba yake kuvua samaki kwenye barafu. Nikajichukulia zamu yake ya leza, nikaongeza nguvu maradufu. Sikumwambia mtu.

Alhamisi, 16 Januari
Sega limezidi. Profesa kakitazama kipande, kaniambia nguvu nyingi huyeyusha mpaka chini, joto likakawia kutoka, kuganda kukawa kwa kujikokota. "Punguza, bwana. Yeyusha utando tu." Nikaitikia vizuri. Moyoni nikasema huyu mzee anampendelea Maribeth. Kwa hasira nikamzawadia Maribeth kile kipande kibovu, nikakisifia kwamba ni adimu sana. Apoteze wiki nzima nacho. Kanasa! Kashukuru kwa moyo mmoja, kanigawia na samaki.

Ijumaa, 17 Januari
Maribeth ndiye anayekwenda Seattle. Kumbe yeye siku zote anachunguza jinsi sega linavyoanza, na hajawahi kupata lililo wazi kama la kile kipande changu. Kasimama mbele ya maabara nzima akasema bila Verlyn asingefika popote. Wakanipigia makofi. Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Imeniuma, siwezi kusema uongo.

Jumamosi, 18 Januari
Maabara haina mtu. Nimetulia, nimefikiri, nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Nguvu maradufu ilikuwa kidogo. Leo naiongeza mara nne.