Zamu Yangu ya Ruta

Jumatatu, 3 Machi

Ruta imefika! Zamu yetu. Yaani zamu yangu. Jengo zima tunatumia ruta moja ya mtandao, ile ya laini ya simu, isiyo na waya ila wa umeme. Kila mpangaji anaamini kwamba anayelala nayo ndiye anayefaidi, basi kila Jumatatu inahamishwa nyumba hadi nyumba kama mgeni ambaye ndugu wanamgombania. Wiki iliyopita ilikuwa kwa fundi viatu wa chini. Wiki ijayo ni ya Kinyozi, mlango unaotazamana na wangu. Wiki hii ni yangu, na kwa ruta hii nitamrudisha mke wangu.

Mke wangu yuko kwao tangu mwezi uliopita. Alisema anakwenda kumuuguza mama yake goti. Akabeba cherehani. Sikuuliza goti na cherehani vinahusiana vipi. Mimi si mtu wa kuchunguza.

Jioni nimempigia video kwa simu yangu mpya. Simu hii inaweza kupokea kasi ambayo jengo hili halijawahi kuiota. Matokeo? Mke wangu amekuwa vidoto vidoto, kisha ameganda mdomo wazi. Sauti imekuja baadaye, imekatikakatika. Nimeambulia kwamba mwenye duka la ushonaji huko kwao anamtaka kazini na anataka jibu Jumapili. Kwamba nifike kabla ya hapo tuzungumze. Kwamba nisipofika, atajua nimejibu mimi.

Nimemwambia safari ya nini, tatizo ni kasi tu. Akaganda tena. Nimelala upande wangu wa kitanda, upande wa pili nimeiweka ruta.

Jumanne, 4 Machi

Mpango! Wanaokula mtandao ni majirani. Hasa Kinyozi, anayetazama mieleka kila jioni na kushangilia kana kwamba wanapigana kwa ajili yake. Dawa ni kubadilisha neno la siri, nibaki peke yangu. Asubuhi, kabla ya kwenda dukani, nimeweka tarehe ya harusi yetu. Nani mwingine angeikumbuka?

Jioni nimerudi, nimeandika tarehe ya harusi yetu. Imekataliwa. Nimegeuza siku. Imekataliwa. Nimejaribu mwaka wa mbele, mwaka wa nyuma. Ng'ambo ya ujia nasikia Kinyozi naye akilalamika. Ningefurahi kama nisingekuwa nimefungiwa nje pamoja naye.

Imebidi nimpigie mke wangu simu ya kawaida, ya sauti tu, kama enzi za mababu. Nimemuuliza tulioana tarehe ngapi. Nikadhani laini imekatika. Nimesema haloo, haloo. Haikuwa imekatika. Mwishowe akaitaja, pole pole, kama anayemsomea mtoto imla. Nimemshukuru na kukata haraka nikaijaribu.

Imekataliwa nayo! Maana yake asubuhi niliweka tarehe isiyokuwepo kabisa. Nimeifufua ruta kwa kubonyeza kitundu cha nyuma kwa njiti ya kiberiti. Imerudi kama ilivyozaliwa, na majirani wote wamerudi nayo.

Jumatano, 5 Machi

Kikao cha wapangaji, chini ya ngazi. Nimeomba tubadilishe ruta na kifurushi, tuchukue vya kasi. Nimezungumza vizuri sana. Nimewaeleza kwamba simu za siku hizi zina njaa, na sisi tunazilisha makombo. Nimenyanyua yangu juu waione.

Kinyozi akasimama. Alisema simu ni kitu cha kiganjani, kioo chake hakizidi ukurasa wa kitabu cha sala, sasa kasi yote hiyo ya kupeleka wapi? Ni kuleta pipa la maji kujaza kikombe. Yeye anaongea na mama yake kila siku kwa simu yenye ufa, na mama anamsikia mpaka anamgombeza. Kisha akamalizia kwamba haraka haraka haina baraka. Watu wakapiga makofi! Nikajibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Wakacheka, lakini si mahali nilipotaka.

Tumepiga kura. Upande wangu tulikuwa mimi. Mama mwenye nyumba, aliyekalia kiti peke yake, akasema yeye hana upande, yeye anataka ngazi zifagiliwe.

Kinyozi amenifuata mpaka mlangoni kunipa pole. Akauliza mke wangu ameupokeaje mtindo wake, huko kwao wameusifu? Sikumwelewa na sikutaka kumwelewa. Mtu akikushinda kura usimpe na kahawa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata akili nyingine. Duka la magodoro ninapouza lina mtandao mzuri, ila waifai inashika kona moja tu, kule kwenye kitanda cha maonyesho. Nimesubiri bosi aende benki. Nimejilaza (ukiwa umesimama haishiki vizuri) na kumpigia mke wangu video.

Picha safi! Kwa muda. Mke wangu akaniuliza hicho ni kitanda cha nani. Wakati huohuo mteja, mama mmoja mnene mwenye haraka, akaketi ukingoni mwa godoro, akadunda mara mbili na kuuliza kwa sauti kama linawafaa watu wawili wazito.

Picha ikaganda hapohapo. Hapohapo! Mimi nimelala, bega la mama wa watu karibu na uso wangu. Kama kasi ingekuwa ya kutosha, mke wangu angeona nailoni ya godoro na kibandiko cha kiwanda. Ameona yaliyotosha kuniharibia tu. Nimepiga tena, amepokea mama mkwe. Amesema mwanawe ana kazi ya kushona. Nimemuulizia goti. Amesema goti gani.

Mteja hakununua. Bosi amerudi akanikuta kitandani.

Ijumaa, 7 Machi

Sikulala. Nyumba ina mwangwi tangu cherehani iondoke, nilikuwa sijui kwamba ndiyo iliyokuwa ikiijaza. Pale dirishani bado pana alama nne za miguu yake sakafuni. Nimezipiga deki, hazitoki.

Lakini mwanamume hakati tamaa. Nimekwenda kwa mama mwenye nyumba na pendekezo: alete ruta mpya na kifurushi cha kasi, nami nitafagia na kupiga deki ngazi zote, zamu za wapangaji wote, mpaka mwaka uishe. Aliniangalia kwa huruma. Kisha akaniletea fagio. Fundi wa mtandao atakuja Jumapili asubuhi.

Nimeanza leo. Kinyozi amepita na viatu vya tope, akasema hongera.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji amepita, kaka yake mke wangu, dereva wa lori la saruji. Hakukaa. Amesema kesho alfajiri anakwenda na mzigo hadi mlangoni kwao, na kiti cha mbele ni kitupu. Amesema, shemeji, panda twende, ukifika we nyamaza kama huna la kusema, akuone tu. Alizungumza akitazama funguo zake. Si kawaida yake kuniombea mema.

Nimemshukuru sana. Nimemweleza kwamba kesho haiwezekani, nina fundi. Tena nitamfikia dada yake kabla lori halijamaliza mlima wa kwanza! Akauliza fundi wa nini. Nikamweleza tofauti ya kasi ya zamani na kasi mpya, nikamchorea na mchoro kwenye vumbi la mlango wa lori. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema haya, mimi Jumatatu nitakwenda tena, kisha akaondoka na mchoro wangu.

Jumapili, 9 Machi

Fundi amekuja. Ruta mpya, nyeusi, ina masikio manne; ya zamani ameondoka nayo. Wapangaji wote wamejaa sebuleni kwangu kuishangaa, hata Kinyozi. Nimewatoa, nimefunga mlango, nimevaa shati la kola na kupiga.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Haikuganda hata mara moja! Nimeuona ukuta wa mama mkwe na ufa wake. Nimeiona cherehani dirishani, na gauni la mtu limetundikwa nusu. Nimemwona mke wangu, kila kope, na nywele zake zote zimekatwa karibu na kichwa. Amependeza. Nimemwambia hivyo, nikamuuliza amekata lini.

Amesema kabla hajaondoka. Amekatwa na Kinyozi, mlango unaotazamana na wetu. Alikaa nami mezani nazo fupi wiki nzima, akingoja niseme neno.

Kisha akasema amemkubalia mwenye duka. Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Sauti ilikuwa safi, nikashindwa hata kujifanya sikusikia. Nikamwita jina lake. Akasema usiku mwema, ingawa ilikuwa mchana, akakata.

Nimeumia. Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna wa kunicheka: nimeumia sana. Nimefagia ngazi mara mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeamka na jibu! Nilikuwa kipofu. Huku kwangu mtandao ulikuwa kamili jana, hakuna kilichopungua. Sasa kama huku hakuna kasoro na bado mambo yameharibika, basi kasoro iko wapi? Iko kwao! Mama mkwe anatumia kijimtandao cha mkopo kutoka kwa jirani. Mimi namwona mke wangu vizuri, lakini yeye mimi ananiona vidoto. Mtu atarudije kwa vidoto?

Shemeji amepita alfajiri kama alivyosema. Kiti cha mbele kitupu. Ameniona nashuka ngazi mbiombio na mzigo kifuani, akatabasamu, akanifungulia mlango. Nimeiweka ruta mpya kitini, nimeizungushia taulo, nimeifunga mkanda. Nimemsihi aendeshe pole pole penye mashimo. Shemeji ameitazama ruta, akanitazama mimi. Akawasha lori na kuondoka nayo. Nadhani aliguswa.

Sasa mke wangu atakuwa na kasi. Jioni nitampigia, tutaelewana.

Kinyozi anagonga mlango. Anasema ni Jumatatu, amekuja kuchukua ruta, ni zamu yake. Nyuma yake nasikia fundi viatu, na sauti ya mama mwenye nyumba ikipanda ngazi nilizozipiga deki mwenyewe. Nimewajibu kwa ndani wasiwe na wasiwasi, nitawaeleza kila kitu mmoja mmoja kwa video.